Maswali ya Wasomaji: Programu za Simu kwa Wachezaji wa EVE Online

EVE Online, mchezo wa anga za juu uliozinduliwa mwezi Mei 2003 na kampuni ya CCP Games ya Reykjavík, Iceland, huchezwa kwenye kompyuta, lakini barua nyingi za wasomaji wetu zinahusu simu. Si ajabu, kwa kuwa mhusika wa mchezo huu hujifunza ujuzi kwa saa halisi, mchezaji awe macho au amelala, na ngazi ya tano ya ujuzi mgumu inaweza kuchukua wiki kadhaa. Kwa hiyo mtu aliye kazini au ndani ya daladala hutamani kujua foleni yake ya mafunzo imefika wapi. Programu za kufuatilia mambo hayo zipo, nyingi zikiwa zimetengenezwa na wachezaji wenyewe, na ndizo tunazozijibia hapa.

*Ndugu Mhariri, mwongozo wa zamani niliousoma unaelekeza nitengeneze ufunguo wenye namba na msimbo, kisha niubandike kwenye programu ya simu. Ukurasa huo siuoni tena, na programu niliyoipakua inataka niingie kwa jina na nenosiri langu la mchezo. Je, huu si mtego? – Msomaji, Mwanza*

Huenda si mtego, ila umefanya vizuri kusita. Mwongozo uliousoma ni wa enzi iliyokwisha: mfumo wa funguo hizo ulizimwa tarehe 8 Mei 2018, na nafasi yake imechukuliwa na mfumo uitwao ESI, ambamo mchezaji hatoi ufunguo wala nenosiri kwa mtengenezaji wa programu, bali hutoa ruhusa. Utaratibu wake ni kwamba programu hukufungulia ukurasa wa CCP yenyewe kwenye kivinjari, unaingia hapo, unamchagua mhusika mmoja, unaonyeshwa orodha ya mambo ambayo programu inaomba kuyaona, na ukikubali, programu hupewa tokeni, yaani kibali cha kidijitali, inayodumu dakika 20, pamoja na nyingine ya kuombea tokeni mpya bila kukusumbua kila mara.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kuangalia ni anwani iliyo juu ya ukurasa unaokuomba nenosiri, ambayo lazima iwe login.eveonline.com. Ikiwa nenosiri linaombwa ndani ya programu yenyewe, kwenye visanduku vyenye rangi na nembo yake, bila anwani yoyote kuonekana, funga na uiondoe. Hata kama mtengenezaji wake ni mtu mwema, hana sababu ya kulijua nenosiri lako.

Jambo la pili, ambalo wengi hulipita mbio, ni orodha ya ruhusa. Majina yake yameandikwa kifundi, kwa mfano esi-skills.read_skillqueue.v1, lakini yanasomeka ukitazama katikati: penye read programu itasoma tu, na penye write au send itaweza kutenda jambo, kama vile kutuma barua kwa jina lako au kuweka alama za njia kwenye ramani yako ya mchezo. Programu ya kufuatilia mafunzo inahitaji kusoma ujuzi na foleni, basi. Ikiomba pia kutuma barua, muulize mtengenezaji ni kwa nini, na asipokuwa na jibu la kueleweka tafuta nyingine, kwa maana kwa maoni yangu programu nzuri hutambulikana kwa uchache wa inachoomba kuliko kwa uzuri wa picha zake. La kukutuliza ni kwamba hakuna ruhusa yoyote katika ESI inayoiwezesha programu kumtumia mtu mwingine ISK zako (fedha za mchezo huu), kuweka oda sokoni, au kurusha chombo chako.

*Mhariri, nimeomba kujiunga na shirika moja la wachezaji. Wanataka nimsajili mhusika wangu kwenye mfumo wao kwa kutoa karibu ruhusa zote: barua, mali, pochi, hata mahali nilipo. Rafiki yangu anasema ni kawaida. Ni kweli? – Msomaji, Nairobi*

Rafiki yako hajakudanganya. Ujasusi ni halali ndani ya EVE Online, na mashirika makubwa yameumizwa mara nyingi na wanachama waliopenyezwa na maadui, ndiyo maana waandikishaji husoma barua za mwombaji na mtiririko wa fedha zake kabla ya kumfungulia mlango. Lakini uelewe unachokitoa: mwenye kuona orodha ya mali zako anajua vyombo vyako vya thamani vimehifadhiwa kituo gani, na mwenye kuona mahali ulipo anaweza kukungojea njiani bila kuvunja sheria yoyote ya mchezo. Kusoma peke yake kunatosha kukutia hasara. Ningetoa ruhusa hizo kwa shirika lenye sifa ya muda mrefu tu, na ningeziondoa siku hiyo hiyo ninayoondoka. Wengine humtenga mhusika mmoja kwa ajili ya biashara na kutomsajili popote, lakini mashirika mengi hudai wahusika wako wote, na kuwaficha ukagundulika ni sababu tosha ya kufukuzwa.

*Ndugu Mhariri, ninauza bidhaa Jita. Simu ilinionyesha kuwa oda yangu ndiyo yenye bei ya chini kabisa, nikatulia. Nilipowasha kompyuta nikakuta nimepitwa na watu kadhaa. Sayari zangu nazo simu inaonyesha maghala hayaongezeki kabisa. Programu hii ni mbovu? – Msomaji, Mombasa*

Programu haina kosa. ESI haitoi hali ya mchezo ya papo hapo. Hutoa nakala zinazohifadhiwa kwa muda uliopangwa, na programu yoyote inayouliza kabla muda huo haujaisha hurudishiwa nakala ile ile. Oda za soko la jimbo zima hubadilika kila baada ya dakika 5, orodha ya oda zako mwenyewe kila baada ya dakika 20, na orodha ya mali kila baada ya saa 1, ilhali salio la pochi na foleni ya mafunzo huchukua takriban dakika 2. Katika Jita, soko kubwa kuliko yote katika mchezo, dakika 20 zinatosha wapinzani kukupita, kupitana wenyewe, na kukupita tena. Kuvuta kioo chini mara kumi ili taarifa zijipyaishe hakubadilishi kitu isipokuwa kukumalizia bando.

Ukitaka kufuatilia ushindani kwa simu, tazama bei za jimbo zima badala ya orodha ya oda zako, maana hiyo ya kwanza ndiyo mpya zaidi. Programu nyingine hufanya ulinganisho huo zenyewe. Hata hivyo, kubadili bei kutakudai urudi kwenye kompyuta, na mfanyabiashara asiyeweza kukaa mezani mchana kutwa hufanya vyema kuchagua bidhaa zenye mzunguko wa polepole na faida pana kuliko kugombania zile zinazopiganiwa kila dakika.

Kuhusu sayari, sababu ni nyingine. Hesabu za koloni, yaani mitambo yako ya uchimbaji kwenye sayari, hufanywa upya pale tu unapoifungua koloni hiyo ndani ya mchezo. Usipoifungua kwa siku tatu, ESI itaendelea kutoa picha ya siku tatu zilizopita. Programu zilizotengenezwa kwa uangalifu huchukua kasi ya uchimbaji na saa ambayo mitambo itasimama, zikakadiria zenyewe maghala yamejaa kiasi gani. Saa hiyo ya kusimama ndiyo ya kuitegemea na kuiwekea kengele.

*Mhariri, kila siku kama saa nane mchana programu yangu inaonyesha hitilafu, na saa za kumaliza mafunzo zinanichanganya. – Msomaji, Dodoma*

Seva ya mchezo, iitwayo Tranquility, huzimwa kila siku saa 11:00 kwa saa za mchezo, ambazo ni sawa na saa za kimataifa (UTC). Kwa Tanzania, Kenya na Uganda hiyo ni saa nane mchana. Kwa Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo ni saa saba. Kwa Oman ni saa tisa. Kwa kawaida hurudi baada ya dakika chache, na mafunzo hayasimami. Programu ikikuandikia kwamba ujuzi utakamilika saa 18:00, angalia kwenye mipangilio kama inatumia saa za mchezo, kwa sababu hapo itakuwa saa tatu usiku kwako.

*Je, mhusika wangu wa EVE Online nitamkuta kwenye EVE Echoes ya simu? – Msomaji, Kampala*

Hapana. EVE Echoes, iliyotolewa Agosti 2020 na NetEase kwa ushirikiano na CCP, ni mchezo kamili unaojitegemea, wenye seva, wahusika na fedha zake.

*Nataka kuuza simu yenye programu hizi. Kuifuta programu kunatosha? – Msomaji, Dar es Salaam*

Hakutoshi, hasa kwa programu zinazotuma arifa, kwa kuwa baadhi yake huhifadhi tokeni kwenye seva ya mtengenezaji na kuendelea kusoma taarifa zako hata simu ikiwa imezimwa. Ingia kwenye akaunti yako kupitia tovuti ya EVE Online, fungua ukurasa wa programu ulizoziidhinisha, na uondoe idhini ya kila moja usiyoitumia. Usishangae ukikuta nyingine ulizojaribu zamani na kuzisahau. Ukishamaliza hapo, rudisha simu katika hali ya kiwandani ndipo umkabidhi mnunuzi, na ukipata simu mpya utatoa ruhusa upya kwa programu unazozihitaji.