Re: Breki inajishika yenyewe, na nikikanyaga mwisho haifiki 100

Salama mkuu. Nilivyokuelewa, kwenye pedali zako za gemu za kuendesha magari, ukiwa hujaigusa breki inasoma asilimia 4, na ukiikandamiza yote inaishia 80 na kitu. Hukusema kama ni ya potenshiometa (kihisi kinachopima pedali imesogea umbali gani) au lodiseli (kihisi cha nguvu ya mguu), na dawa zake ni tofauti.

Kwanza toa waya kwenye habu ya USB, chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, miguu ikiwa mbali. Pedali nyingi hujipima upya zinapopata umeme. Ukiwa umeegemea breki, sifuri inakaa pabaya. Halafu soma namba kwenye programu ya pedali, sio ndani ya gemu.

Namba ya potenshiometa ikirukaruka bila pedali kuguswa, mara nyingi ni uchafu. Chomoa waya, puliza dawa ya kusafishia kontakti, kanyaga mara 20 hivi, acha ikauke, kalibreti upya (weka tena sifuri na 100).

Lodiseli hupima nguvu, si umbali. Hiyo 4 mara nyingi ni nati ya springi iliyokazwa mno, inaiminya seli muda wote. Legeza robo mzunguko, soma tena, mpaka namba ishuke, ila pedali isianze kulegalega. Ikibaki asilimia 1, weka dedzoni ya chini (sehemu ya mwanzo ambayo programu inaipuuza) asilimia 2, basi.

Kwa upande wa juu, ile 80 na kitu: kanyaga kwa nguvu unayoweza kuirudia kila kona, ukiwa umekaa vilevile unavyoendesha, na hapo ndipo uweke 100. Raba ngumu za ndani ya breki hubadilisha hisia tu, usizinunue kwa ajili ya hili. Kiti kikirudi nyuma ukikanyaga, kifunge kwanza.