Shangazi, mbwa wa jirani ananitesa na mume wangu anamtetea mwenye mbwa

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 34, nimeolewa, nina watoto wawili. Jirani yangu, mama anayeishi peke yake, ana mbwa anaitwa Simba. Hafungwi wala hazuiwi. Anapekua taka zetu, anabeba viatu mlangoni, mchana analala barazani kwangu na usiku anabweka mpaka alfajiri. Jumapili iliyopita mwanangu wa miaka 6 alikuwa anacheza tu, mbwa akamkwaruza mguuni kwa jino, kidogo sana, damu haikutoka nyingi, nikampaka dawa. Nikimwambia mume wangu akamkabili huyo mama, ananijibu, "Nenda kaongee naye." Yeye na huyo mama salamu haziishi, hata mbwa anamwita kwa jina! Nimeshapata sumu, nimeificha. Nifanye nini kabla sijavunja ndoa? Mama Aliyechoka.*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa viatu. Sasa weka simu chini, mchukue mtoto umpeleke hospitali. Ukirudi utaendelea kusoma.

Kukwaruzwa kwa jino ndiko kuumwa kwenyewe. "Damu haikutoka nyingi" maana yake ilitoka. Na jambo zito kama hilo umelipitisha haraka, katikati ya viatu na salamu za mumeo, ukaniachia mimi nilitafute.

Kichaa cha mbwa hakipimwi kwa wingi wa damu. Virusi vyake vimo kwenye mate. Vikipata mchubuko vinafuata mishipa ya fahamu polepole kuelekea ubongoni. Yaweza kuchukua wiki chache, mara nyingi miezi miwili mitatu, mara mojamoja hata mwaka. Muda wote huo mtoto anakula, anaruka, nawe unasema Mungu ametuepusha. Dalili zikishaanza, mgonjwa akaogopa hata maji ya kunywa, madaktari hubaki kumpunguzia mateso tu. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, kati ya kila watu 10 wanaokufa kwa ugonjwa huu, karibu 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto huumwa akanyamaza asije akachapwa, au husema, mama akapaka dawa.

Hiyo dawa uliyompaka sitaki hata kuijua. Kilichotakiwa ni sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 nzima, kisha chanjo siku ileile. Siku zimepita, lakini maadamu dalili hazijaanza chanjo bado inafaa, kwa hiyo usianze kujadiliana na nafsi yako. Sindano ni kadhaa na kila moja ina tarehe yake. Usipige ya kwanza ukaridhika.

Tuje kwenye sumu. Umeificha wapi, katika nyumba yenye mtoto wa miaka 6? Itoe leo, uulize namna ya kuiharibu kwa usalama. Tena hukufikiri: mbwa akishauma hufungiwa na kuangaliwa kwa siku 10. Akizimaliza akiwa mzima, ujue siku alipouma mate yake hayakuwa na kichaa. Chanjo ya mtoto haingoji siku hizo, lakini daktari atataka kujua hali ya mbwa. Anamhitaji Simba akiwa hai. Wewe unataka kumfukia pamoja na jibu, halafu kesi ibaki mikononi mwako.

Sasa barua yenyewe. Taka zilizofunikwa vizuri mbwa anazipekua vipi? Na mbwa asiyepata kitu barazani kwako analala hapo kila siku anatafuta nini? Kuna mtu anamlisha, na namshuku huyo huyo aliyekuwa "anacheza tu". Alikuwa anacheza na nani? Wahenga walisema ukicheza na mbwa ataingia nawe msikitini. Mfundishe mwanao: mbwa anayekula au aliyelala haguswi. Mbwa akikujia usikimbie, usimrushie jiwe, usimkodolee macho. Simama wima kama mti, mikono chini, mpaka aondoke.

Na mumeo? Hujaandika popote kwamba ameambiwa habari za jino. Nahisi ulimpelekea kesi ya viatu, akakujibu jibu la viatu. Ni jibu zuri, mimi niko upande wake. Kumsalimia jirani si uzinzi. Kumwita mbwa kwa jina lake hakuna maana nyingine ila kwamba akiitwa anasikia. Jaribu na wewe.

Ndoa za siku hizi zimenimalizia maneno. Mke ana ugomvi, mume ndiye anatumwa. Akienda kwa ustaarabu anaambiwa "hunitetei". Akienda kwa makelele, kesho wanawake wameshapatana na wanaume ndio hawasalimiani. Nanyi wanaume mnaosoma hapa msicheke, mnawatuma wake zenu wakaseme na mama zenu yale mnayoyaogopa nyinyi. Kisha mnashangaa mama hampendi mkwewe.

Huyo mama naye simwachi. Mbwa hajui mpaka wa kiwanja, mwenye mbwa anaujua. Kufuga hakuishii kwenye kutupa makombo. Kuna uzio unaofungika, kuna kamba anapotoka, kuna chanjo na cheti chake, na kuna kulipa akiharibu cha mtu. "Ni mpole, haumi" ni maneno ya kila mwenye mbwa, mpaka siku ya kulipa bili ya hospitali. Wala asikimbilie kumfunga kwenye mnyororo mfupi kutwa kucha, mbwa wa namna hiyo huzidi ukali. Kama ni dume anayezurura, daktari wa mifugo anaweza kumhasi, na wengi hutulia nyumbani.

Ukishatoka hospitali nenda kwake, mchana, bila mashahidi wa kuchochea. Mwonyeshe mguu wa mtoto. Muulize cheti cha chanjo, mwombe amfungie Simba siku hizo 10, na mkubaliane nani analipia matibabu. Viatu usivitaje. Akikubali, mpe nafasi ya kutengeneza uzio. Akikufokea, piga picha jeraha, andika tarehe, peleka habari kwa ofisi ya mifugo na uongozi wa mtaa, waje na madaraka yao.

Mumeo mwambie kila kitu leo, jino na sumu pia. Akitaka kukusindikiza vizuri; akikosa nafasi nenda peke yako, mdomo unao.