Jiliwa Moja, Wanafunzi Thelathini

SWALI: Ndugu Mhariri, nimepangiwa kuwafundisha egonomia, yaani elimu ya kuifanya kazi na vifaa vyake vimfuate mtu, wanafunzi wa uhandisi mitambo katika chuo kimoja hapa Mbeya. Nikianza na asili ya neno, lililobuniwa mwaka 1857 na Mpolandi Wojciech Jastrzębowski, wao huanza kuutazama mlima Loleza dirishani. Wanaamini ni somo la kukaa vizuri kitini. Nifanyeje? Mkufunzi, Mbeya.

JIBU: Ndugu Mkufunzi, huyo Mpolandi mwahirishe hadi wiki ya tatu, uanze na jiliwa la karakana yenu, kile kibanio cha chuma kinachofungwa mezani. Kila mwanafunzi apimwe kwa futi kamba kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko, kisha aandike tofauti kati ya kipimo hicho na kimo cha mdomo wa jiliwa. Mafundi wanajua kwamba viwili hivyo vikilingana, mkono husukuma tupa bila bega kupanda wala mgongo kupinda. Hata hivyo meza za karakana huchomelewa zote kwa kimo kimoja. Waulize meza ijengwe kwa kumfuata nani. Wengi watasema mtu wa kimo cha kati, na hapo ndipo somo lilipo: meza ifuate warefu, na wafupi wawekewe jukwaa la mbao, kwa kuwa hakuna atakayechimba sakafu ili mrefu ashuke. Walijenge jukwaa hilo wenyewe, wapige tupa tena, waseme bega linasikiaje.

Kisha wapeleke sokoni Mwanjelwa wakaangalie magunia ya viazi yanavyopakuliwa. Kanuni ya kuinua mizigo ya NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, iliyorekebishwa mwaka 1991, huanza na kilo 23 kama kiwango cha juu, mzigo ukiwa karibu na mwili na mikono ikiwa sentimita 75 kutoka chini. Mikono ikianzia sakafuni, kiwango hushuka hadi kilo 18 hivi; mzigo ukiwa sentimita 50 mbele ya vifundo vya miguu badala ya 25, hukatwa nusu, yaani chini ya kilo 9, na bado hatujahesabu kugeuza kiuno. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, sina haja ya kuitaja.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 waisome nyumbani. Katika kusahihisha, atakayeandika kwamba mpagazi afundishwe kuinama vizuri usimpe alama; mpe aliyechora kitoroli, au ukingo wa kupakulia unaolingana na bodi ya lori, pamoja na vipimo vyake.