Kabla ya Kusoma Alama za Akili ya Hisia

Kwenu mnaoanza kazi katika ofisi za rasilimali watu hapa Kisumu: siku mtakapokabidhiwa matokeo ya jaribio la akili ya hisia, yaani uwezo wa kutambua na kushughulikia hisia, zako na za wengine, ombeni kwanza karatasi ya maswali na mwongozo wa kusahihishia. Mimi sikufanya hivyo mwaka wangu wa kwanza, katika hoteli moja ya mjini, na nusura wapishi wetu wanyimwe vyeo vya usimamizi.

Kati ya maswali matatu yaliyowaangusha, moja lilihusu mfanyakazi aliyekemewa na mkubwa wake mbele ya wageni. Mwongozo ulitoa alama zote kwa anayemjibu papo hapo, kwa upole, na kumweleza jinsi alivyoumia. Wapishi, wengi wao watu wazima, walichagua kunyamaza, kisha kumtuma mtu wa rika la yule mkubwa akazungumze naye jioni. Wakapata sifuri. Nilipomuuliza mama mmoja wa jikoni, alinijibu huku akichambua sukuma wiki: "Mwanangu, mtu mzima harekebishwi mbele ya wageni, anatafutiwa mwenzake." Huyo alikuwa amesoma hisia za kila aliyekuwepo, jambo lile lile tulilodai kulipima.

Majaribio haya hayana jibu sahihi kama la hesabu. Lile la wanasaikolojia Mayer, Salovey na Caruso la mwaka 2002 lina maswali 141, na jibu hupata alama kwa kadiri lilivyochaguliwa na kundi kubwa la watu waliolifanya awali, au na jopo la wataalamu 21. (Yale ya kujieleza mwenyewe, kwa maoni yangu, hupima pia ujasiri wa kujisifu, na huo nao una malezi yake.)

Hata hivyo, kundi kupata alama za chini si ushahidi tosha wa upendeleo, kwa kuwa huenda tofauti ipo kweli. Linganisheni watu wenye jumla zinazolingana: ikiwa wahudumu wa mapokezi na wapishi wana 60 kila mmoja, lakini swali moja linawashinda wapishi karibu wote, lichunguzeni swali hilo. Kisha hesabuni waliofaulu. Wakifaulu wahudumu 15 kati ya 20 na wapishi 9 kati ya 20, kiwango cha wapishi ni asilimia 60 ya kile cha wahudumu, na mwongozo wa Marekani wa mwaka 1978 kuhusu uteuzi wa wafanyakazi hutilia shaka kiwango kilicho chini ya asilimia 80, ingawa kwa makundi madogo namna hii bahati nayo huchangia. Kwetu, kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 hukataza ubaguzi hata usio wa moja kwa moja, kupandishwa cheo kukiwemo.

Tuliyaondoa maswali yale matatu na kusahihisha upya. Wapishi wawili walipanda cheo, na yule mama akaketi nasi alasiri nzima kutunga maswali ya badala.