Ninyi mnaoshika mwiko wa akiolojia, wa kufukua mabaki ya kale, kwa mara ya kwanza

Juzi nimemwona kijana wa mwaka wa pili akimwaga udongo wa matabaka mawili kwenye chekeche moja, tena anapiga mluzi. Sikumgombeza. Nilikwenda kunywa chai, maana mdomo wangu naujua. Haya, someni.

1. Lebo iandikwe kabla mfuko haujajaa, si baada ya chakula.

2. Namba za miraba tunayoligawia eneo la kuchimba mnazinung'unikia. Giuseppe Fiorelli alipokabidhiwa uchimbaji wa Pompeii, mji wa Kirumi uliofukiwa na volkano huko Italia, mwaka 1863, watu walikuwa wanafukua pale tangu 1748, wengi wao wakisaka vitu vizuri vya kumpelekea mfalme. Yeye akaugawa mji kanda 9, kila kanda mitaa, kila mlango namba. Leo ukiambiwa VI.12.2 unafika Nyumba ya Fauni bila kumuuliza mtu. Na huyo bwana alikuwa ameshaonja jela kwa siasa za 1848, kwa hiyo msiniambie mambo ya uchovu.

3. Anzeni juu. Waliomtangulia Fiorelli walifuata barabara, wakaziingilia nyumba kwa chini, kuta zikawaangukia. Fiorelli alishuka tabaka kwa tabaka.

4. Uwazi ndani ya udongo. Hapa nivumilieni.

Majivu ya Vesuvius, ile volkano iliyoifukia Pompeii mwaka 79, yaligandamana kuizunguka miili, miili ikaoza, pakabaki mapango yenye umbo la mtu. Wachimbaji wa Fiorelli wakigonga pango waliagizwa wasimame. Plasta laini inamiminwa kwa tundu, inaachwa ikauke, ndipo majivu yanabanduliwa. Wakatokea watu na mikunjo ya nguo zao.

Mtihani niliujibu vizuri sana kuhusu hayo. Miezi mitatu baadaye niko pwani, ndani ya shimo, saa sita na nusu mchana, njaa inaniuma. Kwenye sakafu ya udongo mgumu mwiko ukazama ghafla: tundu la duara, upana wa kikombe, ndani udongo mweusi mlaini. Nikafurahi kwamba hapa kazi ni nyepesi! Nikakwangua, nikapanua kingo ziwe nadhifu, nikamwaga vyote kwenye ndoo ya udongo wa sakafu. Lilikuwa shimo la nguzo iliyooza, nguzo ya nyumba ya mtu.

Msimamizi wetu mama mmoja mpole, akachuchumaa, akaniuliza, "Mwanangu, kina chake kilikuwa kiasi gani?" Nikamwonyesha kwa kiganja. Akakitazama kiganja changu, akaandika kitu kwenye daftari, akaondoka. Afadhali angenitukana. Chakula nilikiacha.

Mwiko ukizama, simama. Ita mtu. Piga picha, pima, chimba nusu ya tundu tu.

Mchoro wa ile sakafu bado upo. Una duara nne za wino mzito kwenye mstari, na kati ya ya pili na ya tatu, moja ya nukta nukta yenye alama ya kuuliza. Hiyo ndiyo yangu.