Kiingereza cha vitu vya bei mbaya

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi niko mapokezi kwenye lodge moja hapa Capri Point, bosi kaniambia niandike tangazo la Kiingereza la vyumba vipya vinavyotazama ziwa, nikaandika "very expensive rooms" akakataa, anasema nafukuza wateja. Sasa niandikeje? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Bosi yuko sahihi, "expensive" inaongelea mfuko wa mteja tu, haisemi kama chumba ni kizuri au kibaya, na "pricey" ndo usiiguse kabisa maana hiyo mtu anaitumia akiwa analalamikia bei. Halafu kuna kosa lingine nalisikia kila siku mjini, "the price is expensive", hapana, chumba ndo kinakuwa expensive, bei inakuwa "high".

We unatafuta neno la kusifia chumba chenyewe, andika "luxury rooms", yaani vyumba vya kifahari. Ukitaka kusifia ile raha ya kulala humo sema "luxurious", kwa mfano "a luxurious bed", kitanda kipana, godoro zuri, shuka laini. Ila chonde chonde usiandike "luxuriant"!! Hiyo ni ya nywele nyingi au majani yaliyostawi, msitu wa Rubondo sawa, kitanda hapana.

"Posh" ni ya maongezi, Waingereza wanaipenda, ukiwa unapiga stori ukasema Capri Point ni "a posh area" uko sawa, lakini kwenye tangazo mimi nisingeiweka kwa sababu mara nyingine inabeba maana ya watu wa kujisikia. Bora "upmarket", Mmarekani yeye anasema "upscale", zote zinafaa kwa hoteli, mgahawa au mtaa. Simu na kamera za bei ya juu ni "high-end", na chakula cha daraja la juu, tuseme minofu ya sangara iliyochaguliwa vizuri, ni "premium".

Na "classic" tunavyoipenda huku, kila kitu kikali ni classic, kumbe kwa Kiingereza ni kitu cha muda mrefu kisichopitwa na wakati. Kama mapokezi yenu yamependeza kistaarabu bila makeke, sema "classy".

Mimi ningeandika: "Luxury rooms with a view of Lake Victoria." Kama kuna roshani ya kila chumba ongeza "private balcony", na kama maji ya moto yanasumbua mwambie bosi ayatengeneze kwanza ndo tangazo litoke.