Programu Yasema Mama Ametoka, Naye Yuko Sebuleni

SWALI: Mama yetu anaishi peke yake Mji wa Kale. Hakutaka kamera, basi tukaweka vihisi vya mwendo chumbani, jikoni, sebuleni na bafuni, na programu ya akili unde ijifunze ratiba yake. Mwanzo ilitambua vizuri. Joto lilipozidi, ikawa yasema "ametoka" ilhali amekaa kitini. Na tangu Ramadhani iingie, kila usiku wa daku yatutumia onyo. Tufanyeje?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Ndugu msomaji, hayo ni matatizo mawili.

La kwanza ni kihisi chenyewe. Kihisi cha kawaida cha mwendo huhisi joto la mwili likihama mbele ya ukuta uliopoa kuliko mwili. Ngozi ina nyuzi 33 hivi. Ukuta ukikaribia hapo, hakuna tofauti ya kuhisi. Tena aliyetulia kitini, kihisi hicho hakimwoni hata msimu wa baridi. Sebuleni ongezeni kihisi cha rada cha gigahezi 24, kinachonasa hata kifua kikipanda kwa pumzi. Kifungeni ukutani, mita 1.5 kutoka sakafuni, kielekee kiti, umbali usizidi mita 4. Kisielekee panka, maana likizunguka rada itadai kuna mtu mchana kutwa. Mlangoni tieni swichi ya sumaku, mwanya usizidi sentimita 1. Programu isiseme "ametoka" mpaka mlango ufunguliwe, ufungwe, kisha nyumba nzima itulie dakika 10. Mkishindwa kununua rada kwa sasa, anzeni na mlango.

La pili ni mafunzo. Programu imezoea jiko la asubuhi, kwa hivyo mapishi ya saa tisa usiku yanaonekana kama hatari. Msiifute. Kwenye data tieni alama ya Ramadhani, na badala ya saa ya ukutani pimeni dakika zilizobaki hadi adhana ya Alfajiri na ya Magharibi. Kisha muulizeni mama na muandike lebo, yaani majina ya matukio: daku, futari na tarawehe, kwa siku 10. Mnapoipima, tumieni siku nzima ambazo haikujifunza kamwe. Matukio ya siku moja yakigawanywa, mengine ya kujifunzia na mengine ya kupimia, itapata alama za juu zisizo za kweli.

Stima ikipotea, pengo liandikwe "hakuna taarifa", si "hakuna mwendo". La sivyo itadhani mama amelala.